Muulize Bi Daktari: Panya wa darini kaingia chumba cha panya weupe

Asalaam alaikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua nyingi ni za panya, nafkiri kwa sababu ya hizi mvua za masika, mana maji yakiingia kwenye mashimo kule nje panya wote wanahamia ndani. Barua ya kwanza imenikaa moyoni, kwa hiyo nitakaa nayo muda mrefu kuliko nyengine, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Bi Daktari. Mie ni kijana nnafanya kazi kwenye maabara moja hapa Unguja, nnalea panya weupe wa utafiti, vizimba kama arubaini hivi. Wiki tatu zilizopita nimefungua stoo ya chakula asubuhi nikakuta gunia limetafunwa pembeni na juu ya chakula kuna mavi ya panya, madogo kama punje za mchele mweusi. Usiku wake nikamuona mwenyewe, panya wa nyumba, anapita juu ya bomba la AC anaingia chumba cha vizimba. Nikamwambia mkubwa wangu, akasema panya ni panya tu, hao weupe si unawaona wazima wanakula wanacheza, fagia tuendelee na kazi. Nikafagia. Sasa juzi mama mmoja alozaa watoto wanane wamekufa wote ndani ya siku tano, na jana mama mwengine watoto wake wameanza kuharisha. Jee ni kweli panya wa nje anaweza kuwaambukiza weupe? Na mie nna khatari yoyote? Nnaogopa kusema tena ntaonekana mchochezi. (Kijana wa panya weupe, Unguja)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la uchochezi. Mie nilipokuwa kijana kama wewe nilikuwa nalea panya kwenye maabara moja huko bara, na siku moja niliona mavi kama hayo hayo kwenye pipa la chakula ambalo mfuniko wake ulikuwa umepasuka. Nikayachota kwa kijiko, nikayatupa, nikafunika pipa, na sikumwambia mtu, mana mie ndo niliyetakiwa kubadilisha ule mfuniko. Baada ya miezi miwili damu zikapimwa kwa jambo jengine kabisa, ikaonekana zaidi ya nusu ya panya wetu wana antibodi (yaani alama za kinga kwenye damu) za virusi ambavyo hawakuwa navyo mwanzo wa mwaka. Ikabidi wauliwe wote, na mwenzangu mmoja alikuwa amebakisha majaribio mawili tu amalize shahada yake, akaanza upya. Mpaka leo nikimkumbuka alivyokaa kwenye ngazi ameshika daftari lake roho inaniuma. Kwa hiyo nnakuomba, sema. Sema tena, na mara hii andika: tarehe, saa, umemuona wapi, gunia gani, kizimba namba ngapi watoto wamekufa.

Sasa huyo mkubwa wako. Anavosema panya ni panya tu ni kweli kabisa, na ndo mana inabidi aogope. Panya mweupe wa maabara hakushuka kutoka mbinguni, ni yule yule panya mdogo wa nyumba aliyefugwa. Wengi wa hawa tunaowatumia duniani asili yao ni panya wa mapambo walokuwa wakifugwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na bibi mmoja Abbie Lathrop ana shamba lake mji wa Granby, Massachusetts, akiwauzia watafiti, na mwaka 1909 Clarence Cook Little akaanza kuzalisha ukoo wa kwanza wa panya wanaofanana damu. Ndugu hao wameachana juzi tu. Virusi vikitoka kwa binadamu kwenda kwa mbuzi vina kazi ya kujibadilisha, lakini vikitoka kwa panya wa darini kwenda kwa panya wa kizimbani havina kazi yoyote, nyumba ni ile ile na mlango ule ule. Isitoshe huyu wa kizimbani hajawahi kuonana navyo, mama yake hajawahi, bibi yake hajawahi, kwa hiyo watoto wanazaliwa bila hata ile kinga kidogo ya maziwa ya mama.

Hao watoto walokufa, uliwatazama tumbo? Kitoto cha panya siku za mwanzo hakina manyoya, ngozi yake nyembamba mpaka maziwa yanaonekana kwa nje, doa jeupe ubavuni upande wa kushoto. Kikiwa kinaharisha lakini doa lipo, na bado kinanyonya, mara nyingi ni rotavirusi, wengi wanapona. Kikiwa kinaharisha, kimekauka na doa halipo, mie nnashuku zaidi virusi vya homa ya ini ya panya, ambavyo ingawa vinaitwa hivo ni jamii ya korona, na kwa vitoto hupiga utumbo. Hivi vya korona ya panya havimpati binadamu, usiogope. Lakini kwa panya vinaenea haraka sana, kwa mavi, kwa hewa, kwa mikono yako ukitoka kizimba hichi kwenda kile. Na wakubwa hawaonyeshi kitu. Wanakula, wanacheza, manyoya yanang'aa, na huku wanamwaga virusi kwenye maranda wanayolalia. Pengine ni mama tu kawakataa watoto, hilo hutokea, hasa mama wa mara ya kwanza akipigiwa kelele, lakini vizimba viwili ndani ya wiki moja baada ya panya wa nje kuonekana, hapo mie singesubiri wa tatu.

Kuna vyengine vya parvo, na hivi ndo adui wangu mkubwa. Panya mwenye parvo hafi, hata vitoto vyake havifi, hutaona chochote mpaka upime. Ila vinakaa kwenye seli zinazogawanyika na kuchezea kinga ya mwili, sasa wewe unafanya utafiti wa chanjo au wa saratani unapata majibu mazuri, unafurahi, kumbe unapima virusi. Na havina lile ganda la mafuta ambalo virusi vya korona vinalo, kwa hiyo sabuni haiviumizi sana na ile spiriti mnayopulizia mikononi haivifanyi kitu, vinakaa juu ya meza na kwenye vumbi muda mrefu vinasubiri. Jiki inaviua, na mvuke wa moto wa mashine unaviua.

Kuhusu wewe mwenyewe. Kuna virusi vinaitwa LCM, mwenyeji wake hasa ni panya mdogo wa nyumba, vimegunduliwa mwaka 1933 Marekani wakati wa mlipuko wa homa ya ubongo mji wa St. Louis. Miaka miwili baadae, 1935, mtafiti Erich Traub akavikuta ndani ya kundi la panya weupe wa taasisi ya Rockefeller kule Princeton, panya ambao watu walikuwa wanawatumia kila siku bila kujua. Alichokiona Traub ni kwamba kitoto kikiambukizwa tumboni mwa mama hakiugui, kinakua navyo na kinavitoa kwa mkojo na mate maisha yake yote. (Jambo hilo hilo baadae liliwafungua macho wataalamu wa kinga, na watu wawili, Doherty na Zinkernagel, walipata Nobel mwaka 1996 kwa kazi walofanya na virusi hivi kwa panya. Kwa hiyo sisemi virusi havina faida, nnasema vikae kwenye kizimba ulichovipangia wewe.) Mtu akivipata mara nyingi ni homa na kichwa kuuma kama mafua makali, wengine hawajisikii kitu, wachache wanapata uvimbe wa utando wa ubongo. Mwaka 2012 katika jimbo la Indiana, mahala wanapozalisha panya wa kulishia nyoka, wafanyakazi 52 walipimwa na robo yao, 13, walikuwa wameambukizwa. Watu wazima na kazi yao, hawajui.

Na kama mnafuga panya wakubwa pia, wale wa bandarini wana virusi vyao, vya hanta aina ya Seoul. Japani miaka ya sabini mpaka 1984 wafanyakazi wa maabara zaidi ya 100 waliugua homa na figo kutokana na panya wakubwa wa utafiti, na mmoja akafariki.

Ukipata homa kali sasa hivi nenda hospitali, na usiishie kupimwa malaria tu, mwambie daktari kazi yako ni ya panya. Watu wetu wanaona haya kusema hivo, usione haya.

Sasa cha kufanya. Leo, sio kesho, simamisha kila kitu kinachotoka na kuingia kwenye chumba hicho: panya wapya hapana, kumuazima mwenzako kizimba hapana. Watoto walokufa usiwatupe, wafunge kwenye mifuko miwili uwaweke kwenye friji ya maabara (friji, sio friza, nyama ikiganda daktari hataweza kuisoma vizuri chini ya darubini), na sio friji mnayowekea maji ya kunywa jamani. Wapeleke pamoja na damu ya wakubwa kadhaa kwa daktari wa mifugo apime. Wakubwa walovipata wiki iliyopita damu yao inaweza kuonekana safi, antibodi zinachukua wiki mbili tatu kutokea, kwa hiyo mkipata majibu safi msishangilie, mrudie. Lile gunia lote lichomwe, hata chakula cha chini ambacho hakina mavi, mana panya akitembea anadondosha mkojo kila hatua na mkojo huuoni.

Kama itathibitika ni vile vya korona na panya wenu ni wa kawaida wenye kinga kamili, kuna njia nafuu: mnaacha kuzalisha kabisa wiki sita mpaka nane, dume mbali jike mbali, hakuna mpya anayeingia, kila mmoja anaugua anapona na virusi vinakosa pa kwenda. Kama mna panya walotengenezwa bila kinga njia hii haifai, hao hawaponi. Ikiwa ni parvo au LCM, mwanangu, ni kuanza upya na panya safi, na chumba kioshwe mpaka dari. Inauma lakini hamna njia ya katikati hapo.

Na ile njia ya bomba la AC izibwe. Panya mdogo wa nyumba anapita kwenye tundu la milimita sita, yaani penseli ikiingia na yeye anaingia. Povu na saruji laini anatafuna, weka kwanza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zikaze sana, ndo upake saruji juu. Na lile dirisha mnalofungua umeme ukikatika kwa sababu ya joto (nnajua mnafungua, mie nilikuwa nafungua) litiwe wavu wa chuma. Wa mbu hauzuii panya. Sumu usiweke humo ndani. Panya mwenye sumu anakwenda kufia juu ya dari, viroboto na utitiri wake wanamkimbia wanashuka kwa weupe wako. Weka mitego ya bodi kando ya ukuta, uitazame kila asubuhi, na kila ulichokamata kiandikwe.

Mwambie na mkubwa wako awe na panya walinzi. Ni panya wachache wanaojulikana ni safi, kila ukibadilisha vizimba unachukua konzi ya maranda machafu ya wenziwao unawawekea, baada ya miezi mitatu unawapima damu wao. Walokula na kulala kwenye uchafu wa chumba chote watakwambia chumba kina nini. Sio kamili, kuna virusi vinavyokwenda kwa hewa zaidi havishikwi vizuri kwa njia hii, lakini ni bei rahisi na ni bora mara mia kuliko kutazama panya anacheza ukasema mzima.

SWALI: Bi Daktari mie nauza chakula cha mifugo karibu na soko la Mwanakwerekwe. Kuna watu wa maabara hununua kwangu chakula cha panya wao, mwezi uliopita wamerudisha magunia matatu kwa sababu moja lina kitobo kidogo pembeni kama ukucha. Mie naona ni dharau, kuku wa mji mzima wanakula chakula hicho hicho na hawafi. (Mfanyabiashara, Unguja)

JIBU: Kaka yangu, nnakuelewa, magunia matatu ni pesa, lakini sio dharau. Kuku hapati virusi vya panya, ndo mana hafi. Panya anapata. Mie nilokuwa napokea chakula kama hao wateja wako nakwambia, stoo ya chakula na mbao za maranda ndo mlango ambao panya wa nje anautumia zaidi, hata kama yeye mwenyewe hakuingia maabara, mkojo wake umeingia ndani ya gunia umepandishwa gari na kushushwa na watu kwa heshima zote. Maabara zenye uwezo wanakipitisha chakula kwenye mvuke wa moto au kinapigwa mionzi kabla hakijaingia. Hawa wa kwetu wengi hawana mashine hiyo, tegemeo lao ni gunia lako zima.

Fanya hivi: magunia ya maabara yakae mbali na ya kuku, juu ya mbao, kama shubiri moja kutoka chini na shubiri kutoka ukutani ili uweze kupita na tochi nyuma yake. Yaloingia mwanzo yatoke mwanzo. Ukiweza nunua mapipa ya plastiki magumu yenye mfuniko wa kukaza, yale ya mafuta yalooshwa. Kisha waambie wateja wako kwamba kwako hakutobolewi kitu, na uwaongezee bei kidogo, watalipa.

SWALI: Si mngeweka paka tu stoo? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Nyumbani weka. Kwenye jengo la panya wa utafiti hapana, mavi ya paka yana vimelea vya tokso ambavyo panya anavipata, na harufu yake tu inatosha kuwafanya majike waache kulea. Mtego haunyi.

SWALI: Shikamoo mama. Mie nipo Wete, nna mimba ya miezi minne. Nnafanya usafi mahala wanapofuga panya wa majaribio, na nyumbani darini pia tuna panya, kila asubuhi nnafagia mavi yao jikoni. Shoga yangu kaniambia panya wanaharibu mtoto tumboni, nikamcheka, lakini usiku sikulala. (Mama mtarajiwa, Pemba)

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie salama. Shoga yako hajakosea, na wala usife kwa khofu, khatari ni ndogo lakini ipo na kuizuia ni rahisi. Ni vile vile LCM nilivovitaja juu. Vikimpata mama mwenye mimba vinaweza kupita kwa mtoto, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa na kichwa maji na macho yaloharibika. Mama mwenyewe pengine alisikia mafua tu siku mbili tatu akasahau.

Kwa hiyo kuanzia leo ufagio wa chelewa usiguse mavi ya panya. Ukifagia makavu vumbi linapanda, unalivuta. Chukua jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, mwagia mpaka yarowe, subiri dakika kumi, uokote kwa karatasi na glavu, ufunge kwenye mfuko. Na kazi hiyo usifanye wewe, afanye baba mtoto au mtu mwengine mzima nyumbani, miezi hii mitano iliyobaki sio mingi. Kazini mwambie msimamizi akubadilishie sehemu, ofisi, korido, popote pasipo na vizimba. Kliniki ukienda uwaambie unafanya kazi wapi, waandike kwenye kadi. Kama ulipata homa na kichwa kikali karibuni nenda kabla ya siku yako ya kliniki. Unga na mchele vitoke kwenye mifuko viingie kwenye ndoo zenye mifuniko, usiku usiache vyombo na mabaki. Na kama kuna mtu atataka kukuletea zawadi ya hamsta kwa ajili ya mtoto, mwambie asubiri. Kule Marekani mwaka 2005 mtu mmoja aliyefariki viungo vyake vikatolewa kwa wagonjwa wanne, watatu wakafa kwa virusi hivi, kumbe nyumbani kwake kulikuwa na hamsta mpya.

SWALI: Bi Daktari mie mwanafunzi, Chake. Nimekamata panya wa shambani sita kwenye karafuu za babu, ninataka kuwalea skuli kwenye chumba kile kile cha panya weupe, vizimba mbali mbali, nilinganishe tabia zao. Mwalimu kasema nikuulize. (Mwanafunzi, Pemba)

JIBU: Nimefurahi sana kwa swali lako na nimefurahi mwalimu wako kakwambia uulize. Chumba kimoja hapana, hata vizimba vikiwa mbali. Hewa ni moja na mikono ni yako moja. Panya wa mashambani wana virusi ambavyo bado watu wanavigundua. Hapa hapa Tanzania, Morogoro, watafiti wamepata virusi vipya kwa panya wa shamba vikaitwa virusi vya Morogoro, wakavitangaza mwaka 2009. Havijulikani kumuumiza mtu lakini ni ndugu wa vile vya Lassa vinavyoua watu Afrika Magharibi, na vinabebwa na aina ile ile ya panya. Kabla ya 2009 panya hao walikuwepo navyo, mtu hajui.

Utafiti wako ufanye, ila jengo jengine, koti jengine, viatu vyengine vinavyobaki hapo mlangoni. Asubuhi unaanza kwa weupe, ukimaliza ndo unakwenda kwa wa shamba, ukishaingia kwa wa shamba siku hiyo hurudi kwa weupe hata kama umesahau simu yako huko. Wale sita walipo sasa hivi, kama ni kwenye boksi la karatasi chini ya kitanda chako, watoe leo uwarudishe kwa babu, kwa glavu. Watakamatwa wengine mkishapata kibali na mwalimu kuonana na daktari wa mifugo wa wilaya. Ukipata niandikie, nitakuelekeza namna ya kutengeneza vizimba vya wavu mdogo ambao hata kitoto hakipiti.